Anayepakua Hula Nini?

"Hodi!"

Kishada alikuwa akipakua wali wa mchana. Mwanamke asiyemfahamu alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Mimi ni muuguzi wa timu ya riadha ya wilaya. Binti aliyeanguka jana mazoezini ndiye huyu?"

Baba yake, fundi viatu, alishtuka. "Ulianguka? Mbona hukuniambia?"

"Kizunguzungu tu, baba. Karibu chakula, shangazi."

Akampakulia mgeni, akampakulia baba, kisha wadogo zake wawili. Yeye akaketi na sufuria, akikwangua ukoko.

"Na chako, mwanangu?" muuguzi aliuliza.

"Nimeshashiba kwa kuonja."

"Muongo!" kitinda mimba alicheka. "Dada kila siku anakula ukoko. Kama mama."

Mkono wa baba ukaganda juu ya sahani. Mama alikuwa amefariki miezi minne iliyopita. Naye alipakua vivyo hivyo, na miaka yote ile hakuna aliyemuuliza amekula nini.

"Nilidhani mama yenu hapendi kula," baba alisema.

Muuguzi alisubiri mpaka baba alipopangusa macho. "Sikiliza, mwanangu. Miguu haikimbii kwa ujasiri peke yake. Wali na viazi vinakupa nguvu ya mbio. Maharage na mayai yanajenga misuli iliyochoka. Usipokula, mwili unajila wenyewe. Niahidi mambo mawili: utakula sahani kamili, na hutakimbia mpaka nikupime baada ya mwezi."

"Lakini mchujo ni Jumamosi!"

Mshindi angepata nafasi katika shule ya michezo. Muuguzi alilijua hilo, lakini alimnyooshea mkono waahidiane. Kishada alilia, kisha akaahidi.

Baba alimsogezea sahani yake mwenyewe. "Kuwapenda watu wako ni vizuri, mama. Lakini anayejinyima mpaka akaanguka, atambeba nani?" Tangu siku hiyo, baba ndiye aliyepakua, na alianza na Kishada.

Jumamosi, Kishada aliketi kwenye nyasi kando ya uwanja. Mpinzani wake, waliyemwita Kimbunga, alimjia.

"Wewe, inuka! Muuguzi mwenyewe hayupo. Au umeniogopa?"

"Nikuogope wewe niliyezoea kukutimulia vumbi?" Kishada alijaribu kucheka. "Nimeahidi, bwana. Nenda."

Filimbi ikalia. Wenzake walipochomoka, miguu yake ilitetemeka kana kwamba nayo imo mbioni. Akayakumbatia magoti, machozi yakimtiririka, akabaki ameketi mpaka mkimbiaji wa mwisho alipofika.