Majani Yenye Mvi

Ndugu zangu, nyumba ya fundi seremala mmoja ilikuwa na utulivu wake. Uani, palipokuwa vumbi tupu, palitambaa mmea wa porini wenye majani ya kijivu, yanayonukia ukiyafikicha vidoleni. Mama mkwe wake ndiye aliyeuleta, vipandikizi vimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Aliagiza kwamba ukishashika mizizi usisumbuliwe na maji, uachiwe jua lake. Tangu ulipofunika ardhi, binti mdogo wa fundi, mwenye pumu, alikuwa hajabanwa kifua hata mara moja.

Siku moja jirani, mwenye ukoka wa kijani, aliegemea ua.

"Fundi, majani yako yana mvi. Yameshastaafu?"

Neno lile lilimchoma. Jioni alishika mpira wa maji uliotoka kwenye tangi la akiba. Akamwagilia siku hiyo, na kesho yake, na keshokutwa. Mkewe alipomkumbusha agizo la mama, alisema hakuna mmea unaokataa maji. (Wenzangu, mara ngapi tumekuwa mabingwa wa tusiyoyajua?) Na ulikuwa wakati wa ukame, bomba likitoa maji mara mbili kwa juma. Nguo chafu zikarundikana, lakini mmea haukukosa maji.

Mwanzoni majani yalikolea rangi, fundi akatembea kifua mbele. Wiki ya tatu yakalegea. Akadhani ni kiu, akaongeza. Aliposhika shina likang'oka lenyewe, mizizi myeusi, imeoza.

Upepo ulipovuma, vumbi liliingia mpaka kwenye masufuria. Binti akabanwa, akakimbizwa zahanati. Siku mbili fundi hakugusa randa wala msumeno. Alikaa kando ya kitanda akisikiliza kifua cha mwanawe kikipiga miluzi.

Mtoto aliporuhusiwa, fundi alikwenda kwa mama mkwe, akasimama mlangoni macho chini.

"Mama, nimeua ulichonipa."

"Kwa kiu?"

"Kwa maji."

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akatafuta kisu, akatoka nje kukata vipandikizi vingine.

"Safari hii, baba, mikono mfukoni."

Ilichukua miezi ardhi kufunikwa tena. Miezi yote hiyo mtoto alicheza ndani, madirisha yamefungwa.

Funzo

Ukipenda kitu, kipe kinachohitaji, si kile kitakachokuletea sifa. Fundi hakuwa akimwagilia mmea. Alikuwa akimwagilia macho ya jirani, na aliyekosa pumzi ni mtoto wake.