Mume Wangu Aliniua Pemba, Nami Nikamfufukia Ngomani

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara mjini, na mtu akiniuliza leo kama nimemsamehe aliyekuwa mume wangu, namjibu hapana. Sijamsamehe! Kabla hamjaanza kunisuta, wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza hadi mwisho.

Mimi ni Mnyakyusa niliyezaliwa Mtwara. Baba alihamishiwa huku kikazi, nilipozaliwa akanipa jina la mama yake, Atupele. Utotoni nilikuwa silipendi kwa sababu shule nzima nilikuwa nalo peke yangu. Likumbukeni jina hilo, maana ndilo lililokuja kumwumbua mtu.

Nikiwa na miaka ishirini na tatu nilifunga ndoa kanisani na Beno, Mmakonde wa kijiji cha Mpapura. Alikuwa akivusha ndala na sabuni kwenda Msumbiji. Mcheshi, mtanashati, mdomo mtamu... Nilimpenda mpaka nikawa mjinga.

Mwaka wa kwanza wa ndoa aliniomba tusubiri kupata mtoto mpaka biashara ikae sawa. Nikakubali, nikawa nachoma sindano za uzazi wa mpango. Mwaka wa pili akasema tusubiri tena. Wa tatu hivyo hivyo. Miaka ikapita, kila nikiuliza naambiwa, mpenzi, vuta subira kidogo tu...

Huku nyuma mama yake na dada zake walishanipa jina lao. Mgumba! Nikienda Mpapura kuwasaidia kuokota korosho nasikia linatajwa jikoni, tena bila hata kunong'ona. Na Beno yupo pale pale, anakula ugali wake na kisamvu, anajua kila kitu, kimya. Tukirudi mjini ananibembeleza nisiwaambie habari za sindano, eti kwao wataona nimemdharau. Nami nikanyamaza ili kumlinda.

Safari zake za Msumbiji zikazidi kuwa ndefu. Nilimwomba anichukue hata mara moja nikaone. Akasema huko kuna vita. Vita ilipotulia akasema huko ni Kireno kitupu, mwanamke wa Kitanzania atauzwa kama kuku bila kujua. Kila habari ya ng'ambo ya mto Ruvuma niliipata kutoka mdomoni mwake, nami niliimeza.

Ni msusi wangu aliyenifungua macho, wala yeye mwenyewe hakujua. Anaitwa Rosa, ana kibanda hapa mjini, mtaa wa Chuno, na kwao ni Pemba. Simaanishi Pemba ya Zanzibar, bali mji wa Pemba huko Msumbiji. Alikuwa akinisuka huku anaongea Kireno na mama yake kwenye simu, nami nikajikuta nakipenda kile Kireno kinavyosikika. Siku moja nikamwambia, "Dada Rosa, nifundishe basi."

Akacheka, akaanza. Nikawa nasuka hata nywele zisizohitaji kusukwa! Nyumbani nilibandika vikaratasi kwenye sufuria, mlango, ndoo. Nilihesabu kwa Kireno nikimenya mihogo. Nilimsalimia mbuzi wa jirani "bom dia" kila asubuhi, mpaka jirani akauliza kama niko salama.

Mwishowe nikaamua. Likizo ya mwezi wa sita nakwenda Msumbiji, peke yangu! Nikatafuta pasipoti, nikachanja homa ya manjano, nikanunua begi la mgongoni. Rosa akanipangia kufikia kwa mama yake.

Nilipomwambia Beno alicheka mpaka akakohoa. "Utaishia Kilambo pale mpakani," akasema. "Utawaona viboko, utarudi."

Lakini aliposikia ninakokwenda ni Pemba, kicheko kilikatika. Akasema Pemba hakuna kitu, kama ni lazima niende Nampula. Akasema na yule msusi wako simpendi. Mimi mtu akinikataza mlango ndipo naushika kitasa. Siku chache baadaye akaondoka zake, akidai anafuata mzigo Nampula. Hakuamini kamwe kwamba nitaondoka.

Niliondoka! Kule Kilambo nilipanda boti ya kuvuka mdomo wa Ruvuma, mikoko huku na huku, viboko kweli wametoa pua juu ya maji. Ng'ambo ofisa akatazama pasipoti yangu, akatazama nyuma yangu kumtafuta mwanaume. "Sozinha?" akauliza, yaani uko peke yako? "Sozinha!" nikamjibu kwa sauti kubwa mpaka abiria wenzangu wakacheka.

Wasomaji wenzangu, sijawahi kufurahi vile maishani mwangu. Mama yake Rosa, Mama Luísa, alinipokea kama mwanawe, akaniita Mwalimu tu kama Rosa alivyozoea kuniita, wala jina langu hakuliuliza. Asubuhi nilitumwa kununua mikate ya moto na nilijua kuomba mwenyewe. Nilikula matapa, ambayo ni kisamvu chetu hiki hiki kilichotiwa karanga na nazi. Mama muuza samaki alijua Kiswahili, lakini alipoona najifunza akakataa kabisa kukitumia, akawa ananirekebisha huku anakwangua magamba. Nilikaa mgahawani peke yangu nikaagiza kahawa, na hakuna aliyeniuliza kwa nini sina mtoto.

Kila jioni Mama Luísa alinipa darasa. Alinifundisha "casada", yaani mwanamke aliyeolewa, na "viúva", mjane. "Mimi ni viúva," akasema, "wewe ni casada." Nikarudia kwa kujivuna. Casada! Laiti ningejua...

Ilikuwa ni likizo, msimu wa mabinti kutoka unyagoni, na mtaa ule ni wa Wamakonde. Mama Luísa akaniambia jirani yao Marta anamtoa mwali, nami kama mgeni wa nyumba nimealikwa. Tukanunua kitenge kizuri cha kumtunza mtoto, tukaenda.

Ngoma ilikuwa imekolea. Wanawake wanapiga vigelegele, vumbi linapanda, watu wanacheza mpaka jasho linawachuruzika. Mwali akatolewa amefunikwa kanga kichwani. Mama Luísa akanieleza sikioni kwamba sasa atafunuliwa na kupewa jina jipya. Kwa kawaida ni jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufariki, ili marehemu asisahaulike. Jambo hilo lipo hata kwetu Mtwara, kwa hiyo halikunishangaza.

Kungwi akamfunua binti. Mtoto wa miaka kama kumi na miwili, mzuri, macho yameangalia chini. Kungwi akainua mkono, watu wakanyamaza, akalitaja jina.

Atupele.

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, na uwanja mzima ukaitikia. Atupele! Atupele! Nani Pemba ya Msumbiji anaitwa Atupele? Nikamuuliza Mama Luísa jina hilo limetoka wapi. Akanijibu kwa huruma kwamba baba wa mwali aliwahi kufiwa, mke wake wa kwanza alifia Tanzania zamani, na Marta ndiye aliyeomba mtoto arithi jina la marehemu yule, ili roho yake isije ikamwekea Marta kinyongo.

Kisha baba wa mwali akaitwa kuja kumtunza mwanawe.

Akatoka akicheza, mikono juu, meno yote nje. Alikuwa amevaa shati la kitenge nililomshonea mimi mwenyewe kwa sikukuu ya Pasaka. Beno!

Nikaona sindano zangu zote, miaka yangu yote, kisamvu cha Mpapura na lile neno jikoni. Mimi nimeambiwa nisubiri, kumbe yeye hakusubiri hata kidogo! Na ili asiulizwe, akaniua. Nikiwa Mtwara nafundisha watoto wa watu, kumbe Pemba nimeshazikwa na kuliliwa.

Mwingine angepiga yowe. Mimi nililia kidogo tu, nikajifuta kwa ncha ya kitenge. Halafu hasira ikanipanda, hasira baridi, nikajua nitakachofanya. Nikaingia uwanjani nikicheza. Ndiyo, nilicheza! Nikamzunguka mwali, nikamtandikia kile kitenge mabegani. Beno alikuwa bado ananipa mgongo.

Kungwi aliona mimi ni mgeni, akaniuliza kwa Kireno mimi ni nani kwa mtoto huyu, ili anitangaze. Maneno yote niliyokuwa nayasema kwa mbuzi yakaja yenyewe. "Sou Atupele," nikasema. "Sou a mulher dele. E estou viva." Mimi ndiye Atupele. Ni mke wake huyu. Na niko hai.

Ngoma ikafa. Beno akageuka... Natamani mngeuona uso ule! Marta akaja mbele yangu, akanigusa mkono, kama anayehakikisha una joto. "Wewe si ulikufa?" akauliza. Nikamwambia amuulize aliyenizika. Tulipogeuka kumtazama, mwanaume alikuwa anaruka ua wa makuti.

Mwali alijificha nyuma ya mama yake akilia, na hapo tu ndipo roho iliniuma. Wazee walitaka jina libadilishwe siku ile ile, wakisema ni mkosi kurithi jina la mtu aliye hai. Mimi nikakataa. Nikawaambia mtoto abaki nalo. Nilitaka Beno, kila atakapomwita binti yake maisha yake yote, aniite mimi.

Marta na mimi tulikaa siku nzima iliyofuata. Naye alikuwa amedanganywa vile vile, basi nimchukie kwa lipi? Kireno changu kilikuwa cha kuchechemea, lakini tulielewana vizuri sana.

Niliporudi Mtwara nikakuta ujumbe wa wito. Mjomba wake Beno, ambaye kwa Wamakonde ndiye mwenye sauti, ameita kikao Mpapura. Agenda ni Beno atafutiwe mke wa pili kwa sababu mimi ni mgumba. Beno alikuwa amewahi kufika kwao, akawajaza maneno kabla sijatokea!

Nikaenda nimevaa vizuri, nimesuka upya. Nikawaachia waseme mpaka wachoke. Kisha nikampigia Marta simu nikaweka sauti kubwa, nikamkabidhi mjomba. Wakazungumza kwa Kimakonde, lugha yao wote. Mimi sikuelewa mengi, ila niliuona uso wa mjomba ukibadilika, na Beno akiinama mpaka kidevu kikagusa kifua.

Mjomba alipoirudisha simu akamuuliza, "Beno, una mtoto ng'ambo, na huyu ulimtangaza maiti?" Nikawaeleza habari za sindano, mwaka baada ya mwaka, na nani aliyeniomba. Halafu nikamgeukia mama mkwe.

"Mama, niite tena lile jina, mjomba asikie."

Alijifunika kanga usoni. Nikaaga, nikaondoka.

Leo Beno amepanga chumba, hana Mtwara hana Pemba. Marta alimtolea mabegi nje, mimi nikabadilisha kitasa. Ananitumia ujumbe wa kuomba radhi, eti shetani alimpitia. Namjibu kwa Kireno, kwa sababu ndicho alichotaka nisikijue. Sina huruma naye. Mtoto niliyetamani kumzaa huenda nisimpate tena, na hilo hakuna radhi ya kulifuta.

Nawasihi, hasa ninyi wanawake wenzangu, msimwachie mtu mwingine akawa macho yenu na masikio yenu. Ukiambiwa kule hakufai, nenda ukaone. Ukiambiwa lugha ni ngumu, tafuta wa kukufundisha, hata kama ni huku unasukwa. Na usikubali kubeba aibu ya mtu kwa kunyamaza! Mimi niliinyamazia miaka kumi na sita, ninyi msifike huko.

Binti yangu wa jina hunitumia sauti kwenye simu kila wiki. Nilimfundisha kwamba kwa Kiswahili watu wa jina moja huitana somo, basi huanza hivyo, "Somo, shikamoo," kisha ananisahihisha Kireno. Likizo hii nilikwenda tena kumwona.

Ng'ambo ya mto nilimkuta ofisa yule yule. Alinikumbuka. "Sozinha tena?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza kwa utani kama mume wangu hana wivu, maana mara ya kwanza nilimwambia nimeolewa.

"Viúva," nikamjibu.

Akavua kofia, akanipa pole. Nikaipokea.