Injini ya Mjomba Heaika

"Kware, hapa Mnara. Imesimama?"

"Imesimama."

Risten Utsi aliachia kitufe cha redio, akashusha darubini yake ya Zeiss, akafuta machozi. Baridi hiyo, alijiambia. Baridi tu.

Chini ya kilima, ukingoni mwa ziwa Galbajávri, pikipiki ya theluji ilikuwa inafuka mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Wanaume wawili walisimama kando yake katika jua kali la Aprili. Mmoja mrefu, amevaa suti mpya ya theluji isiyo na hata doa la mafuta, amekumbatia sanduku la chuma. Karatasi zake zilisema anaitwa Vahl na kwamba yuko likizo ya kuvua samaki. Idara ya Risten ilijua kuwa hajawahi kuvua hata dagaa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na funguo za siri za kituo cha pwani kinachosikiliza nyambizi. Zikivuka mpaka, bahari yote ya kaskazini ingekuwa uchi.

Mwanamume wa pili alikuwa mfupi, wa matege. Alikuwa ameshafungua boneti.

Huyo alikuwa Heaika. Mjomba wake. Kaka wa mama yake, tumbo moja.

"Helikopta iko wapi?" Risten aliuliza.

"Ukungu pwani, itachelewa. Ndege yao imeshapaa. Itatua katikati ya ziwa, kwenye barafu tambarare. Sanduku lisifike huko. Umenipata?"

"Nimekupata. Na mwongozaji wake?"

"Mwongozaji si kazi yako."

"Ni mjomba wangu, Brekkhus."

Redio ilikoroma.

"Tunajua," Brekkhus alisema kutoka Oslo. "Ndiyo maana tulikutuma wewe."

Ikakatika.

Jana jioni Risten alikuwa nyumbani kwa mjomba. Walikula supu ya nyama ya kulungu wa theluji. Wakanywa kahawa iliyotumbukizwa nyama kavu. Heaika akamweleza kwa furaha kwamba kesho anampeleka mvuvi mmoja ziwani, rafiki zake watamfuata kwa ndege. Kumkamata Vahl jana kungekuwa kumkamata mvuvi mikono mitupu, maana sanduku alikuwa hajalipokea bado. Ilibidi akamatwe nalo, mbali na watu.

Kwa hiyo mzee alipotoka kuwalisha mbwa, Risten aliingia bandani. Alilegeza klempu inayobana hosi ya maji ya injini, akasukuma ndani kipande cha mpira. Alikuwa amekitoboa tundu dogo, maji yapite kidogo kidogo, ili mashine ifike mbali kabla ya kuchemka.

Kisha akarudi mezani, na mjomba akamwongezea kahawa.

Hiyo kahawa ndiyo iliyokuwa inamuunguza mpaka sasa.

Alichomoa bastola yake ya Glock kiunoni, akaificha kwenye kisanduku chini ya kiti cha pikipiki yake ya theluji. Mjomba angemkumbatia. Mjomba angeigusa. Akapiga stati, akateremka kilima.

Nyanda zile zina sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Hakuna anayepita mashine iliyofunguliwa boneti. Hata kama ni ya adui yako, unasimama, unauliza. Risten alikulia humo. Leo aliivaa sheria hiyo kama mwizi anayevaa kanzu ya kuingilia msikitini.

"Ee! Mtoto wa dada!" Heaika alimkumbatia kwa mikono iliyonuka petroli. "Mungu amekuleta."

Risten aliinamia injini.

"Nini kimekupata, mjomba?"

"Imechemka. Taa nyekundu, kelele, halafu ikakata nguvu. Nimelaumu ganda hili." Alipiga theluji kwa kisigino, ikalia kama ubao. "Aprili unaijua. Theluji ngumu, mkanda wa chini haurushi kitu. Na hizi injini za maji zinapozwa na theluji inayorushwa tumboni. Bila hiyo ni mgonjwa wa homa asiye na kitambaa cha maji."

"Basi ndiyo hilo," Risten alisema, haraka mno. "Tuirushie theluji kwa koleo, tusubiri ipoe."

"Nimerusha mpaka mgongo unaomba msamaha. Inapoa, nikiwasha inachemka tena."

Vahl alisogea. Macho yake yalikuwa juu ya mashine ya Risten.

"Wewe dada. Yako ni nzima. Nipeleke mpaka katikati ya ziwa."

"Petroli yangu ni ya kurudia nyumbani tu."

"Na huyu ni mgeni wangu mimi," Heaika alidakia. "Nimemchukua mimi, nitamfikisha mimi. Watu wasije wakasema Heaika alimtua mgeni njiani kama gunia."

Vahl alitazama angani. Kweupe, kimya. Alikuwa bado na muda, na alijua. Akaegemea sanduku lake, akajaribu kutabasamu.

"Una kulungu wangapi, mzee?"

Risten alifumba macho. Swali hilo haliulizwi. Ni kama kumuuliza mtu amefukia nini chini ya kitanda.

"Wako pande zote mbili za mti," Heaika alijibu bila kuinua kichwa, jibu la wazee la kukwepa hesabu. Kisha akamnong'oneza mpwa wake, "Mvuvi gani huyu? Tangu asubuhi hajauliza samaki hata mmoja."

Akaanza kuitafuta homa ya injini, na Risten akapiga magoti kando yake, akimsaidia kutafuta kitu alichokificha mwenyewe.

Maji kwenye chupa? Yamejaa. Mkanda umekazwa kupita kiasi? Hapana, unanesa vizuri. Pampu? Inazunguka.

"Labda hewa imenasa," Risten alisema. Alijua si hewa.

"Labda." Waliinua pua ya mashine juu ya tuta, wakafungua skrubu ya kutolea hewa, wakangoja mapovu. Hayakuja. Maji matupu. Muda ukaenda, na kwa kila dakika iliyopita Risten aliomba helikopta, na kila mzee aliposema "asante, mwanangu" alitamani ardhi immeze.

Heaika alivua glovu. Akashika hosi moja, akaiachia upesi. Akashika ya pili.

Akairudia ya kwanza.

"Shika hapa," alisema. "Na hapa."

Moja ilikuwa inaunguza. Nyingine baridi kama pua ya mbwa.

"Maji hayapiti. Thamostati, kile kilango cha maji, imekwama. Tuitoe, tuendeshe bila hiyo."

"Mjomba, tuache. Tutaharibu zaidi."

"Tangu lini wewe unaogopa spana?"

Alilegeza klempu, akachomoa hosi. Maji ya kijani yakamwagika juu ya theluji. Akaingiza kidole, akavuta.

Kipande cha mpira mweusi kilikaa katikati ya kiganja chake. Alikigeuza, akalitazama tundu lililotobolewa kwa uangalifu.

"Soli," alisema. Sasa aliongea Kisami, lugha yao ya nyumbani, polepole. "Soli ya kiatu changu kibovu, kinachoning'inia bandani. Jana bandani niliingia mimi. Na nani?"

Risten hakuweza kuinua macho.

"Nani, Risten?"

"Mimi."

"Mnasema nini?" Vahl aliuliza kwa Kinorwe.

"Tunasema thamostati imekufa," Risten alimjibu.

"Inachukua maneno mengi kufa."

Heaika alikuwa bado ameinamia injini. Mikono yake ilijifanya inafanya kazi.

"Baba yako alimalizwa na nini?"

"Mjomba, tafadhali."

"Sema."

"Mashine ilimfia nyikani."

"Tukamkuta siku ya tatu. Mimi ndiye niliyemfungua vidole kwenye usukani. Na wewe unaniharibia injini, unanipa mkono, unaniambia safari njema!"

"Nilikuwa nyuma yako njia nzima. Nisingekuacha. Huyu mtu si mvuvi, anatoroka na siri za nchi."

"Ungeniambia!"

"Nimeapa nisiseme."

"Umeapa." Mzee alitema mate. "Kikulacho..." Hakuimalizia.

Hapo ndipo mngurumo uliposikika. Mdogo, wa mbali, kusini. Ndege.

Vahl aliusikia pia. Na alikuwa ameshawasoma nyuso. Mkono wake ulitoka kifuani na bastola ya SIG, ukamwelekea Risten kipaji cha uso.

"Ufunguo wa mashine yako uko wapi?"

"Umo."

"Rudini nyuma. Wote."

Walirudi nyuma. Alilifunga sanduku kwenye kiti kwa mpira wa mizigo, akapanda. Akaitazama hosi iliyochomolewa na dimbwi la kijani kwenye theluji, akacheka.

"Bakini na jiko lenu."

Mashine ikaruka. Glock ya Risten ikaondoka nayo, chini ya makalio ya mtu aliyekuwa anaikimbiza nchi yake mfukoni.

Risten alibaki mikono mitupu. Amemdanganya mjomba, na sanduku limekwenda. Yote mawili, asubuhi moja.

Alimfuata Vahl kwa macho. Alipita matuta magumu ya ukingoni, akaingia kwenye barafu tupu, iliyosuguliwa na upepo mpaka ikawa kioo. Huko hakukuwa na theluji hata ya kujaza kijiko.

Ghafla akashika mkono wa mjomba.

"Vikwaruzo viko juu."

Heaika alikaza macho. Kwenye mashine za huko kuna vyuma viwili kama kucha, huning'inizwa ubavuni. Ukiingia kwenye barafu tupu unavishusha, vinakwaruza, unga wa barafu unaruka tumboni mwa injini. Kila mtoto wa nyanda hizo anavishusha bila kufikiri, kama wewe unavyovua viatu mlangoni.

Vahl hakuvishusha. Aliongeza mwendo.

"Itamchemkia," Risten alisema.

"Itamchemkia kabla hajafika." Mzee alikuwa ameshapiga magoti, anarudisha hosi mahali pake. "Maji yamemwagika. Leta chupa ya kahawa."

"Kahawa?"

"Una mto wa siri mfukoni? Leta!"

Alimimina kahawa yote ndani ya injini, na vipande vya nyama kavu akavizuia kwa kidole. Akafunga. Akavuta kamba ya stati. Injini ikakohoa, ikashika.

"Mjomba, nitaenda peke yangu. Ana bastola."

"Panda nyuma."

"Una haki ya kuniacha."

"Wewe umeniudhi. Yeye amemwelekezea bastola mtoto wa dada yangu. Hayo ni mambo mawili, na la kwanza litasubiri. Panda!"

Akashusha vikwaruzo kwa kisigino. Wakaruka.

Mbele yao, mashine ya Risten ilikuwa imeanza kusuasua. Ikapunguza. Ikatoa wingu jeupe. Ikasimama katikati ya kioo.

Vahl alipiga kitufe. Akapiga tena. Akaruka chini, akaipiga teke.

Ndege ndogo, yenye skii za kutelezea mahali pa magurudumu, ilimzunguka mara moja, ikashusha pua. Barafu pale ilikuwa tambarare. Ingeweza kutua palepale alipo.

Na ilitua.

Vahl alinyakua sanduku, akakimbia. Barafu ilimkataa. Alianguka, akainuka, akaanguka. Akasikia mlio nyuma yake, akageuka, akafyatua.

Kioo cha kukinga upepo mbele ya mzee kilipasuka. Heaika alipinda kushoto, akapinda kulia.

"Kamba!" alifoka.

Kamba ya tanzi ilikuwa kwenye ndoano yake ya siku zote, ya plastiki ya rangi ya machungwa, ile ya kunasia kulungu. Risten aliikunja kwa mizunguko mikubwa, akasimama juu ya vikanyagio. Risasi nyingine ilipita karibu na sikio. Alikuwa msichana mdogo alipofundishwa kurusha, na aliyemfundisha alikuwa mbele yake sasa, amejikunja juu ya usukani.

"Usitazame pembe," mzee alipaza sauti, kama zamani. "Tazama zinapokwenda!"

Alirusha.

Tanzi lilifunguka hewani, likamshukia Vahl mabegani. Risten alizungusha kamba kwenye chuma cha nyuma. Ikakaza. Vahl alivutwa akaanguka, bastola ikaruka, sanduku likamponyoka.

Likateleza. Lilizunguka kama pia kuelekea ndege, na rubani alikuwa ameshafungua mlango, mkono nje.

Risten aliruka chini, akamkalia Vahl mgongoni. Hakuweza kulifikia. Lakini Heaika alikata kamba kwa kisu, akabana gesi. Aliipeleka mashine moja kwa moja kwenye pengo kati ya sanduku na ndege, akasimama pale kwa kishindo, pua ya mashine ikikaribia kugusa panga la injini ya ndege.

Rubani alimtazama mzee. Mzee alimtazama rubani.

Mlango ukafungwa. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikapaa bila abiria.

Mngurumo wake ukafifia kusini.

Helikopta ilipofika, Vahl alikuwa amefungwa miguu na mikono kama kulungu wa kutiwa alama ya sikio. Askari walimbeba pamoja na sanduku. Redio ikalia.

"Kazi safi, Kware," Brekkhus alisema. "Mlete na mwongozaji. Tumhoji."

"Hakuna mwongozaji."

"Unasemaje?"

"Kuna mzee mmoja aliyenisaidia. Anarudi kwake. Mtu akimgusa, mtafute kware mwingine."

Alizima.

Heaika alikuwa ameketi juu ya mashine yake, injini ikinguruma, ikitoa harufu ya kahawa iliyoungua. Risten alimwendea.

"Nikuulize moja," mzee alisema. "Kesho wakikutuma tena nyumbani kwangu. Utaniambia?"

Angeweza kusema ndiyo. Ni neno dogo.

"Hapana, mjomba."

Heaika aliitikia kwa kichwa, taratibu.

"Afadhali hivyo. Uongo nilishaunywa jana." Alivaa glovu zake. "Mama yako akiuliza kilichoharibika, nitamwambia ni thamostati. Nitamdanganya dada yangu kwa ajili yako. Nami sijawahi kumdanganya."

Hakumkumbatia. Aliondoka polepole, vikwaruzo vikichora mistari miwili kwenye barafu.

Risten alivaa miwani yake ya jua. Akatia mikono mifukoni, akatembea kuelekea helikopta bila haraka, bila kugeuka hata mara moja.

"Huyo dada," askari mmoja alimwambia mwenzake, "moyo wake ni barafu."

Risten alimsikia. Akapanda, akaketi, akafunga mkanda. Miwani hakuivua.