Nyota Iliyokohoa Moto

Jua la mtaa wa Asiatique, Bujumbura, lilikuwa linachoma, wachuuzi wakipigana vikumbo na wapita njia, naye Annick yuko juu ya stuli akitundika vitenge mlangoni mwa duka la shangazi yake. Kijana mrefu mwenye miwani, shati jeupe limeloa jasho mgongoni, akaja ameinamia simu hadi akanasa katikati ya vitenge kama samaki wavuni.

"We papa, macho umeacha nyumbani?"

"Pardon, dada. Nilikuwa naangalia nyota."

"Nyota mchana huu?"

Akamwonyesha nukta nyeupe kwenye simu. Aliitwa Valéry, mtoto wa Bujumbura aliyekuwa likizo kutoka Afrika Kusini, alikokuwa akisomea elimu ya nyota.

"Nyota kubwa namna hii haifi kimya," alisema. "Kwanza inakohoa moto, inajivua ngozi. Mutu anafikiri imekwisha, kumbe bado. Kisha siku moja inapasuka kabisa."

"Na we unangojea msiba wake?"

"Nangojea."

Annick alicheka hadi kitenge cha njano kikamponyoka. Kesho yake Valéry akarudi kununua kitambaa ambacho hakukihitaji.

Likizo yote hawakuachana. Jumapili walikula samaki mukeke wa kuchoma ufukweni Kajaga, gauni la bluu la Annick likipeperushwa na upepo wa ziwa, naye Valéry akisahau kutafuna. Alipoondoka, ikabaki simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula. Na we?"

"Nakula sauti yako."

"Muongo we! Utakonda."

Wakakubaliana: mwezi wa nane atakuja, wajomba zake wabishe hodi rasmi kuposa mtaani Nyakabiga, kwa Mama Pascaline, mama yake Annick. Siku ilipokaribia, Mama Pascaline akaazima viti kwa majirani na kuagiza vinywaji. Ijumaa, wageni wakitarajiwa kesho yake, simu ikalia.

"Annick, nyota imepasuka! Sisi ndio wa kwanza kuiona. Siwezi kutoka huku. Nisamehe, mpenzi."

"Iko mbali namna gani?"

"Mwanga wake umesafiri mamilioni ya miaka."

"Basi ilikufa mbele watu hawajaumbwa. Maiti ya zamani hivyo haiwezi kungoja siku mbili?"

"Mwanga wa kwanza haungoji, chérie."

"Mi niko hai, Valéry. Mama iko hai. Viti viko kwenye kiwanja."

Akakata simu. Mama yake alivirudisha viti kimoja kimoja.

Tangu hapo Annick hakupokea simu zake. Lakini kila jioni akifunga duka alitazama juu ya milima ya Kongo, giza halijaingia sawasawa. Alijua fika kwamba nyota ile haionekani kwa macho. Alitazama hivyo hivyo, moyo ukimuuma.

Alasiri moja ya Desemba alirudi nyumbani akasikia kinu. Valéry, suruali ameikunja hadi magotini, alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, Mama Pascaline akimsimamia.

"Umefika lini?" Annick aliuliza.

"Leo. Nimepita hapa mbele ya kufika kwetu."

"Nyota yako je?"

"Imefifia. Nimeachia wengine." Akaweka mchi chini. "Ilianza kukohoa tangu mwezi wa sita. Nilijua inaweza kupasuka siku yoyote. Sikukuambia. Niliogopa utasema tusogeze siku."

"Ningesema hivyo."

"Najua."

"Na ningekungoja, Valéry."

Mama Pascaline akaingia ndani polepole.

"Utarudi kule lini?" Annick aliuliza.

"Januari. Masomo bado miaka miwili."

Annick akaokota mchi, akamrudishia. "Jumamosi leta wajomba zako. Na we ukae mbele yao, nikuone."

Jumamosi alikaa mbele yao, suti nyeusi, mikono ina malengelenge ya mchi. Mahari ikakubaliwa, pete ikavishwa.

Januari Annick alimsindikiza uwanja wa ndege. Ndege ikapaa, ikapotelea juu ya ziwa, naye akabaki amesimama pale pale, akimtamani kama mtu aliyeondoka zamani sana, ilhali harufu ya sabuni ya Valéry ilikuwa bado mkononi mwake.