Upande wa Pili wa Dhahabu

Ijumaa hiyo ukumbi wa maonyesho ulifurika watu, marashi ya udi yakikaba koo. Kerubo, nesi wa ughaibuni aishiye mtaa wa Najma, alivaa gauni la kitenge cha manjano. Aliinamia sanduku la kioo lenye sarafu za dhahabu za wafalme wa kale wa Ufaransa, nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Soja, hii mbona imepinda kama chapati ya mwanafunzi?"

Mlinzi, kijana mrefu mwenye viatu vya kung'aa, akabana kicheko. "Iligongwa kwa nyundo, sista. Moja moja, kwa mkono. Hakuna mbili zinazofanana."

"Naona msalaba tu. Upande wa pili kuna nini?"

"Niliuona siku tuliyozipanga. Wewe utauona siku nikikuposa."

"Shindwa!" Kerubo akacheka, lakini namba akatoa.

Mwezi mzima simu haikupoa. "Umekula, malkia?" Kiprop, yule mlinzi, aliuliza kila akitoka zamu. Mpaka jioni moja, wakinywa karaki, chai nzito ya maziwa na iliki, simu ya Kiprop ikapotelea chini ya jaketi. Kerubo akaipigia. Kioo cha simu kikawaka jina alilomwandika: KONDOO.

Kondoo! Mnyama wa kunyolewa huku amenyamaza!

"Kumbe mimi ndiye mjinga wako?"

"Kerubo, ngoja nikuambie..."

"Tafuta mwingine wa kunyoa!"

Siku tisa hakupokea simu. Alifua nguo safi, akazifua tena. Wodini alimpima mgonjwa presha, akageuka, akarudi kumpima yuleyule. Siku ya kumi ukaja ujumbe: "Sarafu zinafungwa leo saa kumi, zinarudi kwao. Njoo uone upande wa pili, kisha uniache."

Akaapa haendi. Akavaa viatu, akavua, akavaa. Saa tisa na nusu alikuwa kwenye teksi, hereni sikio moja tu.

Ukumbini mama mmoja wa Kizungu, glavu mikononi, aliziinua sarafu moja moja. Kiprop amesimama kando, macho mekundu. Kerubo hakumsalimu. Yule mama akaigeuza ile iliyopinda.

Kondoo mdogo wa dhahabu, bendera begani, duara la nuru kichwani.

"Kondoo wa Mungu," Kiprop akasema polepole. "Nilikuandika hivyo siku ileile uliyonipa namba. Kwetu kondoo ni mnyama wa baraka, si tusi."

"Si ungeniambia!"

"Ulinipa nafasi?"

Kerubo akashika sikio lisilo na hereni. "Haya, upande wa pili nimeuona. Unangoja nini?"

"Niko kazini, mpenzi. Mpaka saa kumi."

Na yeye aliyeshindwa kutulia siku tisa, akaketi kwenye benchi, akatulia tuli.