Saa ya Nyirabageni

Msinicheke. Mjomba wangu Melkiory hakuwa mlevi, na haya yalimpata mchana kweupe, huku kwetu Karagwe, mwaka 1984.

Alikuwa fundi wa jenereta katika hospitali moja ndogo ya misheni, jina silitaji. Dizeli ilitafutwa kwa tochi, na jenereta lenyewe halikuweza kubeba vyote kwa pamoja. Basi mjomba alipanga ratiba kwa chaki ubaoni: asubuhi umeme uende mashine ya kusaga, jioni kwa mapadri, na saa tisa hadi saa kumi alasiri uende chumba cha upasuaji, ambacho hakikuwa na dirisha.

Siku moja foleni ya mahindi ilikuwa ndefu, watu wanapiga kelele. Mjomba akaona isiwe tabu. Saa tisa akawaachia umeme watu wa mashine bila kumwuliza daktari. Kumbe mezani alikuwa Nyirabageni, kibarua wa mashamba ya kahawa, mtoto amekwama tumboni. Taa haikuwaka. Wakafa wote wawili.

Tangu hapo, kila saa tisa, jenereta lilinguruma kama limebebeshwa mzigo, hata swichi zote zikiwa zimezimwa. Mjomba akakonda. Hakumwambia mtu ila mimi, niliyekuwa nampelekea chakula.

Miezi miwili baadaye mkewe, Joviana, akaletwa kwa machela kutoka Rugu. Uchungu siku ya pili. Daktari akaanza kupasua saa nane na nusu, na mjomba akampa umeme wote bila kungoja ratiba.

Saa tisa ikafika. Jenereta likalemewa. Mjomba akazima hata taa ya chumba cha jenereta, nilimokuwa naye. Wapi! Muuguzi akapiga kelele kutoka upande wa pili: "Melkiory, taa! Anakata roho!"

Maskini mjomba! Alipiga magoti kwenye mafuta yaliyomwagika, akilia.

"Nyirabageni, mama, nisamehe," akanong'ona. "Saa yako niliiba mimi. Chukua yangu. Chukua mwanga wangu, mwachie Joviana."

Jenereta likatulia. Kule ndani mtoto akalia.

"Edvina," mjomba akaniita, akinipapasa, "nani kafunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi.

Joviana alipona, lakini kwa miaka tisa, kila siku, saa tisa hadi saa kumi, mjomba hakuona kitu. Kisha macho yanarudi. Hakulalamika hata mara moja.

Tulimzika Jumatano. Niseme ukweli, tulishusha pumzi, tukidhani giza lile limezikwa naye.

Alhamisi nilikuwa uani nachambua maharage na Celestina, binti yake, yule aliyezaliwa siku ile. Jua linachoma. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Dada Edvina," akanong'ona, "mbona giza limeingia?"

Sikuthubutu kutazama saa.