Utepe wa Asiyekuwepo

Duka la fotokopi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Mashine mbili zilikuwa zinanguruma, ya tatu imefunguliwa tumbo, na watu wameshika karatasi zao kifuani kama wagonjwa na kadi zao.

Kwenye foleni alisimama fundi wa cherehani, mwanamke wa miaka ishirini na minane. Alivaa gauni la buluu iliyoiva, marinda yamelala sawasawa, kola ameishona kwa mkono, na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni kwa sababu alisahau kuivua. Alikuja kutoa nakala nne za cheti cha kifo cha mama yake. Mama alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Ndugu walimsubiri alie, wakachoka kusubiri, wakarudi makwao. Si kwamba alikuwa mgumu. Alikuwa kama mguu uliolaliwa: upo, ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

Mbele yake alisimama mkutubi wa maktaba ya mtaa, kijana mrefu mwenye miwani na shati la kijani ambalo kifungo chake kimoja kilikuwa kimebaki na uzi mmoja tu.

"Kaka, kifungo chako kinakuaga," fundi akasema.

Mkutubi akainama kujiangalia. "Kinaniaga tangu jana. Nimekiomba kivumilie mpaka Ijumaa."

"Hakifiki."

"Kwani dada ni daktari wa vifungo?"

"Fundi."

Akachomoa sindano yenye uzi kutoka kwenye kola yake, akamshika shati, akaanza kushona pale pale kwenye foleni, kama mtu anayefunga dirisha lililoachwa wazi. Mkutubi akabana pumzi. Hakuna mwanamke aliyewahi kumsogelea hivyo mbele za watu na uso usio na habari naye.

"Kitendawili," akasema, ili asionekane ameogopa.

Watu wawili kwenye foleni wakageuka. Fundi hakuinua macho. "Tega."

"Ana jicho moja wala haoni, na kila anapopita, walioachana wanashikana."

"Sindano. Na usiongee, nitakuchoma."

Basi akapata jina. Kuanzia siku ile mkutubi alimwita Sindano.

Mwenye duka, kwa haraka zake, alichanganya karatasi zao. Jioni fundi alipofungua bahasha nyumbani kwa shangazi yake akakuta nakala tatu za cheti, na ya nne si cheti. Imeandikwa: *Kanuni ya kwanza: mwenye utepe mweupe hayupo. Asisemeshwe, asiangaliwe, simu yake isipokelewe. Kanuni ya pili: asiyekuwepo hawezi kujifungua utepe mwenyewe. Kanuni ya tatu: atakayemfungua, utepe unakuwa wake.* Chini kulikuwa na namba ya simu. Akaipiga.

"Nina karatasi hapa inasema mimi sipo," akasema.

Upande wa pili ukacheka. "Dada wa kifungo. Mimi nina yako hapa. Nilikuwa nawaza nitakupata wapi." Kicheko kikaisha. "Pole sana. Ni mama?"

"Ndiyo."

"Pole."

"Umeshasema."

"Nimesema ya cheti. Hii ni yako wewe."

Fundi akakaa na simu sikioni, akijisikiliza kama kuna kitu kitatikisika ndani. Hakikutikisika. Lakini hakukata.

Kumbe mkutubi alikuwa mlezi wa kikundi cha vijana waliokutana kwenye ukumbi nyuma ya maktaba, na vijana wenyewe ndio waliombatiza Kaka Kurasa. Mwaka ule kulikuwa na kitabu kimoja kinene ambacho kila kijana alikuwa anakisoma, wengine kwa zamu, wengine kwenye simu. Ni habari za mji ambao serikali yake ina daftari la Waliopo. Ukikosea unafutwa, unafungwa utepe mweupe mkononi, na tangu hapo hata mama mzazi akipishana nawe mlangoni hakuoni. Vijana walitaka siku nzima ya michezo iliyotoka kitabuni humo. Kaka Kurasa alikuwa na kanuni tayari. Alichokosa ni tepe.

"Nishonee arobaini," akamwomba. "Ishirini nyekundu za waliopo, ishirini nyeupe za waliofutwa."

"Utepe haushonwi, kaka. Unakatwa."

"Basi nikatie. Nitakuwa nakuja Jumatano tupange na mengine."

Mengine hayakuwa mengi kiasi hicho, lakini yalichukua Jumatano sita. Kaka Kurasa alikuja na daftari lake kwenye chumba cha kushonea, akaketi kwenye benchi la wateja katikati ya marobota. Walipanga mchezo wa kupitisha barua bila walinzi kuona, na mashindano ya kuandika upya mwisho wa kitabu.

"Na mimi mnipe kazi," Shangazi akasema siku moja akiwa anapiga pasi. Alikuwa mwenye chumba kile na mwenye maneno yake.

"Shangazi utakuwa mlinzi."

"Wa kulinda nini?"

"Watu wasipendane."

"Nimeshaanza kazi, na nimeshashindwa," Shangazi akajibu, akapiga pasi juu ya kola kama vile hakusema kitu.

Sindano hakucheka. Alipenda? Ungemwuliza angesema hajui. Ila kila Jumatano asubuhi alinyoosha gauni lake mwenyewe kabla ya nguo za wateja, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba. Na simu za kila jioni alizipokea.

"Umekula, mpenzi?" Kaka Kurasa angeuliza.

"Nimekula."

"Kilikuwa kitamu?"

"Kilikuwa cha moto."

"Haya. Kesho utaniambia kama kilikuwa na chumvi. Tunakwenda polepole."

Wiki ya sita ikaja barua. Kiwanda cha sare katika mji mwingine, safari ya siku nzima, kilimtaka awe mkuu wa wakataji. Jibu lilitakiwa kwa simu Jumamosi kabla ya saa tisa alasiri. Akinyamaza, nafasi inakwenda kwa mwingine. Ilikuwa kazi aliyoitamani miaka yote. Sasa aliisoma barua mara nne, na ikawa sawa na kusoma bei ya zipu. Akajiambia: nitamwuliza yeye. Akisema kaa, nitakaa. Mmoja wetu lazima awe anasikia kitu.

"Jumamosi nina neno moja la kukuuliza," akamwambia kwenye simu.

"Niulize sasa."

"Jumamosi. Uso kwa uso."

Kaka Kurasa hakulala vizuri kwa furaha. Jumamosi yenyewe ilikuwa ndiyo siku ya michezo.

Ukumbi ulijaa vijana. Kaka Kurasa alivaa koti jeusi la kuazima, refu mpaka magotini, kwa sababu yeye ndiye Msajili, bwana wa daftari. Sindano alikuja na gauni la njano hafifu ambalo hakuna aliyewahi kumwona nalo. Kila aliyeingia alitumbukiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa, akatoa utepe. Sindano akatoa mweupe. Alikuwa ameukata mwenyewe. Akajifunga mkononi kwa fundo la kifundi, na Kaka Kurasa akamwona, akatabasamu kidogo, halafu akaufuta uso wake kama kanuni ilivyotaka.

Saa saba Sindano akaenda kwenye meza ya daftari. "Nina lile neno," akasema taratibu.

Kaka Kurasa akaangalia ukuta nyuma yake. Moyoni alisema: ona anavyocheza, hakuna anayecheza kama yeye. Vijana walikuwa wanatazama. Msajili akilegea yeye, mchezo umekufa.

Saa nane akarudi. "Si mchezo, Kurasa. Nisikilize dakika moja."

"Kuna upepo humu ndani," Kaka Kurasa akawaambia vijana. Wakaangua kicheko.

Saa tisa kasoro dakika kumi simu yake ikalia juu ya meza. Jina likasomeka wazi: *Sindano wangu*. Vijana wakasogea kuona. Kaka Kurasa akaigeuza simu kifudifudi. "Kanuni ya kwanza inasemaje?"

"Simu yake isipokelewe," wakaitikia wote.

Nje, chini ya ukuta wa maktaba, Sindano alisikiliza ikilia mpaka ikakatika. Hakuumia. Alifikiria hilo baadaye, kwamba hakuumia hata kidogo. Akapiga namba nyingine, akawaambia watu wa kiwanda, "Nakuja. Jumanne." Halafu akaenda nyumbani kwa miguu.

Saa kumi Msajili akavua koti na kutangaza mwisho. Wakahesabu: hakuna hata utepe mmoja uliofunguliwa siku nzima. Kila mmoja aliogopa kuuchukua. Binti mmoja wa kikundi, msusi mwenye sauti ndogo, akamsogelea.

"Kaka Kurasa, yule dada wa gauni la njano, lile la dakika moja lilikuwa la kitabuni?"

"La kitabuni, ndiyo."

"Mimi nimekisoma mara mbili. Halimo."

Kaka Kurasa akasimama na koti mkononi. Ndipo akakumbuka kwamba kitabuni aliyefutwa hasemi kamwe, na kwamba kanuni zile zote aliziandika yeye.

Akapiga simu. Ikapokelewa na Shangazi.

"Hayupo," Shangazi akasema.

"Shangazi, tafadhali."

"Yupo, ila amesema niseme hayupo. Mimi nimeshasema, kazi yangu imeisha. Baba, anafunga sanduku. Jumanne anakwenda kiwandani, anahamia huko huko kabisa. Alikuja kukuuliza aende au asiende, ukamwambia ni upepo."

"Nilidhani anacheza."

"Sasa nani alikuwa anacheza?"

Jumapili alikwenda mara mbili, akakuta mlango umefungwa. Jumatatu asubuhi chumba cha kushonea kilipofunguliwa alikuwa kizingitini, na shati lile lile la kijani. Sindano alikuwa kwenye cherehani akimalizia kazi za watu kabla ya safari. Mkononi bado alikuwa na utepe mweupe.

"Simwelewi," Shangazi akamnong'oneza mkutubi. "Ameoga nao, amelala nao. Nikimwambia vua, anasema kanuni ya pili."

Kaka Kurasa akapiga magoti kando ya cherehani, akaanza kufungua. Fundo la fundi si la mkutubi. Alihangaika mpaka kucha ikakatika. Sindano aliuacha mkono wake pale kama mkono wa sanamu ya dukani. Ulipofunguka, akajifunga yeye, upande mmoja akivuta kwa meno. Kisha akaenda kuketi kwenye benchi la wateja kama asiyekuwepo.

Shangazi alielewa haraka kuliko wote, na akafurahi mno. Alifagia juu ya viatu vya Kaka Kurasa. Akamtundikia koti la mteja begani. Mama mmoja aliyekuja kuchukua sketi akauliza, "Huyu kijana vipi?" Shangazi akajibu, "Kijana gani?" Mama yule akachukua sketi yake akaondoka bila kuipima.

Saa zikaenda. Kaka Kurasa hakunywa maji wala hakutoa simu. Alianza kusikia jinsi ilivyo: watu wanaongea juu ya kichwa chako, na baada ya muda unaangalia mikono yako kuhakikisha. Akamfikiria Sindano, miezi saba hivyo.

Saa tisa Sindano alikuwa anapinda sketi ya mwisho. Mkononi mwake, pale utepe ulipokuwa, pamebaki mfereji mwembamba, na mfereji ule ukaanza kuwasha. Akaukuna. Ukazidi, ukapanda mpaka kiwikoni, ule mchomo wa ganzi inapoachia, ambao ukikupata huwezi kukanyaga chini wala kukaa. Akainua mguu kutoka kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

Akaenda kwenye benchi, akaufungua utepe kwa vidole viwili.

"Ungenijibu nini Jumamosi?" akauliza.

"Ningesema usiende." Sauti ya Kaka Kurasa ilikuwa imekauka. "Nisamehe, Sindano."

"Na leo?"

"Leo nimekaa hapa nimekuona ukikata na kushona kwa muda wa saa saba. Hicho kiwanda hakina bahati nyingine kama wewe. Nenda."

Macho ya Sindano yalikuwa makavu, lakini mdomo ulitetemeka, na yeye mwenyewe akaugusa kushangaa.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Hayupo chumbani, na kila mtu anatembea kwa uangalifu asimkanyage."

Kaka Kurasa akawaza. Jibu alilijua, na akajua kwamba si lake kulisema. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa ule wa kiwanda."

"Ule nimeshaupata bila wewe."

"Nakupa pamoja na mimi ndani yake. Hakuna mji usio na vitabu vya kupanga. Mwezi ujao nitakuja, na wazee wangu watakuja kwa Shangazi kabla yangu. Ukiukataa mji, sema."

Sindano akauzungusha utepe kwenye kidole mpaka ukaisha urefu.

"Nimeuchukua," akasema. "Nimekwenda, nimefika, nimekaa. Sasa nakupa jibu." Akavuta pumzi, na machozi ya miezi saba yakaja bila haraka. "Mama."

Shangazi akageukia ukutani, akaanza kutafuta mkasi aliokuwa ameushika.